Bonyeza Hapana

Kompyuta ya zamani haipendi kusema kwamba imeshindwa. Ukiichomekea hadi diski iliyopangwa kwa namna ambayo haikufundishwa kuisoma, yenye Windows XP itakuletea kidirisha kidogo kwenye kioo. Itasema kwamba diski hiyo haijafomatiwa, kisha itauliza kama ungependa ifomatiwe sasa. Chini yake kuna vitufe viwili, cha kukubali na cha kukataa. Hakuna neno linalokwambia kwamba diski inaweza kuwa imejaa hadi ukingoni. Kwa mashine hiyo, kisichosomeka ni kitupu, na kilicho kitupu hakina ubaya kikifutwa.

Mwaka 2021 kidirisha hicho kilitokea Namtumbo, mezani kwa baba mkubwa. Alinipigia simu na hakungoja hata shikamoo yangu, jambo ambalo si kawaida yake.

“Mwanangu, mashine inaniuliza kitu. Inasema hiki chombo mlichoniletea hakijaandaliwa, inataka ikiandae. Niikubalie?”

Nilikuwa dukani kwangu Majengo, hapa Songea, mteja mbele yangu anasubiri kopi za vyeti. Nilimwomba baba mkubwa aondoe mkono kwenye mausi kabisa. Kisha nikamwelekeza: kitufe cha kulia, kile chenye herufi mbili tu. Bonyeza hapana. Akabonyeza. Nikamwambia azime mashine, achomoe waya, aifunge ile hadi diski kwenye kitambaa chake na asiichomeke popote mpaka tuonane.

“Kwani kungetokea nini?” akauliza.

“Angepotea bibi,” nikamwambia.

Hilo halikuwa fumbo. Baba yetu, mdogo wake yeye, alikuwa mwalimu wa historia. Katika miaka ya tisini alizunguka na redio yenye kaseti akirekodi wazee wa ukoo wetu na majirani zao. Bibi mzaa baba anasikika kwenye kaseti kumi na moja. Anaongea Kingoni zaidi kuliko Kiswahili, anakohoa, anamfukuza kuku, kisha anaendelea pale alipoishia. Anasimulia aliyoyasikia kwa mama yake kuhusu njaa iliyofuata Vita vya Majimaji, jinsi watu walivyochimba mizizi porini baada ya vyakula kuchomwa moto. Baadaye baba alizihamishia kaseti zile kwenye kompyuta yake, moja baada ya nyingine, kwa waya uliounganisha redio na tundu la maikrofoni. Kaseti zenyewe ziliota ukungu kwenye sanduku. Baba alifariki mwaka 2016. Kompyuta yake ilimfuata miaka mitano baadaye: diski ya ndani ilianza kutoa sauti ya kusaga, na fundi mmoja mjini aliwahi kuhamisha yote yaliyokuwemo kabla haijanyamaza moja kwa moja. Aliyahamishia kwenye hadi diski mpya ya nje ya gigabaiti 500. Wiki ile, nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Tuliipeleka Namtumbo kwanza kwa sababu ya umri. Baba mkubwa alikuwa amepita miaka themanini, na katika ukoo wetu ni yeye pekee aliyeweza kusikia sauti na kusema: huyu ni fulani, mtoto wa fulani, aliishi ng’ambo ya mto ule. Baba alikuwa ameyapa mafaili mengi majina ya namba tu. Bila masikio ya kaka yake, zile zingebaki sauti za watu wasiojulikana. Kompyuta ya baba mkubwa ni ya mezani, ina Windows XP, haina intaneti, na amekataa kuibadilisha. Anasema mkono wake unajua njia. Sikuona sababu ya kubishana naye. Mtu anayeijua mashine yake anasikiliza vizuri kuliko anayepambana na mashine mpya.

Fundi aliyeiandaa hadi diski alikuwa ameifomati kwa mfumo unaoitwa exFAT, akatuhakikishia kwamba unasomwa na kompyuta zote. Kwa kompyuta zinazopita mezani kwake kila siku, alisema kweli. Mfumo huo Microsoft waliutoa mwaka 2006, na Windows 7 na zilizofuata zinausoma bila kuuliza. Windows XP haikuzaliwa nao. Ilipewa uwezo huo kwa nyongeza iliyotolewa mwaka 2009, na nyongeza hiyo inaingia tu kwa mwenye intaneti au kwa mwenye mtu wa kumletea kwenye flashi. Mashine ya Namtumbo haikuwahi kuipata.

Baba mkubwa alikataa kumkabidhi kondakta wa basi ile hadi diski. Aliileta mwenyewe, kilomita kama 70 kwa barabara ya Tunduru, ameipakata mapajani. Dada yangu mkubwa alikuja kutoka Mbinga, ambako anafundisha, na kompyuta yake nyeupe ya MacBook aliyoinunua ya mtumba. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa likizo kutoka chuoni, na laptopu yake yenye Ubuntu. Jumapili mchana, duka likiwa limefungwa, tukakaa wanne kuzunguka meza ya kulaminishia.

Kabla ya jambo lolote, dada alitaka kujaribu yake. Mac yake inatumia toleo la mwaka 2007, nalo halijui exFAT. Apple waliliingiza mwishoni mwa 2010. Tulipochomeka, kidirisha kilitokea pia, lakini maneno yake yalikuwa mengine. Kilisema kwamba diski iliyoingizwa haisomeki kwa kompyuta hii. Kilitoa njia tatu: kuiandaa upya, kuipuuza, au kuitoa.

Baba mkubwa aliomba nimtafsirie, kisha nirudie.

“Hii ina adabu,” akasema. “Inasema mimi siwezi kusoma. Ile yangu inasema hakuna kitu.”

Nimefikiri sana juu ya sentensi hiyo tangu siku ile, labda kwa sababu ya mji ninaoishi. Songea imechukua jina la Nduna Songea Mbano, aliyeuawa na Wajerumani mwaka 1906, mwaka ambao wanaume wengi wa Kingoni walinyongwa hapahapa. Kila Februari tunawakumbuka kwenye makumbusho ya Majimaji. Kwa miaka mingi, yaliyoandikwa kuhusu vita hivyo yalitoka zaidi kwa watawala na wamisionari, watu waliotunza karatasi. Waliokuwa na kumbukumbu vichwani hawakuhesabiwa kuwa na kitu. Mwaka 1968 wanahistoria wa chuo kikuu Dar es Salaam waliwatuma wanafunzi wakawaulize wazee waliokuwa bado hai, na mwaka huohuo Gilbert Gwassa na John Iliffe wakachapisha kijitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Baba alikuwa na nakala, kava lake limeshikiliwa kwa selotepu. Alikuwa akituambia kwamba wazee hawakuanza kukumbuka mwaka 1968. Walikuwa wanakumbuka siku zote. Aliyekosekana ni wa kuwasoma.

Lakini Jumapili ile hatukukutana kwa ajili ya historia. Tulikutana kuchagua mfumo wa faili, na uchaguzi wenyewe ni mgumu kuliko unavyosikika.

Baba mkubwa alikuwa karani wa ghala la mahindi kwa muda mrefu wa maisha yake, na mdogo wetu alitumia ghala kumweleza. Diski ni ghala, alisema. Mafaili ni mzigo. Kufomati si kujenga ghala upya, ni kuamua daftari la ghala litaandikwaje: mistari ipi, safu zipi, lugha ipi. Karani asiyejua namna hiyo ya daftari ataingia, atatazama, na atasema ghala halina kitu.

“Na akibonyeza ndiyo?”

“Analichana daftari, anafungua jipya lisilo na maandishi. Magunia yanakuwa bado yamo ndani, lakini hakuna anayejua lipi liko wapi, na atakayeleta mzigo mpya ataupanga juu ya wa zamani.”

Baba mkubwa akatikisa kichwa. Alishawahi kuona ghala ambalo daftari lake limepotea.

Ndiyo maana kwa fomati ya haraka mara nyingi fundi mwenye programu sahihi anaweza kuokoa sehemu ya vitu, ingawa majina na mpangilio hupotea. Fomati kamili ni jambo jingine. Tangu Windows Vista, fomati kamili inaandika sifuri mwanzo hadi mwisho wa diski, na hapo hata magunia yanateketea.

Tulikuwa na madaftari matatu ya kuchagua.

La kwanza ni NTFS, lililokuja na Windows NT mwaka 1993. Karani wake ni mwangalifu: kabla ya kuhamisha gunia anaandika kwanza pembeni kwamba anataka kulihamisha. Umeme ukikatika katikati, akirudi anasoma alichoandika na kujua kazi ilikwama wapi. Kwa mji kama wetu hilo si jambo dogo. Songea iliishi kwa majenereta ya dizeli mpaka gridi ya taifa ilipotufikia mwaka 2018, na hata sasa umeme una siku zake. Mimi peke yangu ningechagua NTFS bila kufikiri mara mbili. Lakini Mac ya dada inaisoma NTFS bila kuweza kuiandikia. Na dada ndiye aliyekuwa amejitolea kusikiliza kila kaseti na kuandika maneno yake kwa Kingoni na Kiswahili. Angeweza kusikia na asiweze kuweka alichosikia.

La pili ni hiyo exFAT. Ni nyepesi, haiogopi faili kubwa, lakini kwa kawaida ina daftari moja tu lisilo na nakala, na haina karani wa kuandika pembeni. Umeme ukikatika vibaya, inaumia. Tungeweza kumpelekea baba mkubwa ile nyongeza ya Windows XP. Bado Mac ya dada ingebaki nje.

La tatu ni FAT32. Ni mtoto wa ukoo wa FAT ulioanza mwaka 1977, enzi za diski laini; yeye mwenyewe alikuja mwaka 1996 na Windows 95. Hana karani wa kuandika pembeni, ila anatunza daftari kwa nakala mbili. Anasomwa na kuandikiwa na mashine zote nne zilizokuwa mezani, na redio za magari, na televisheni nyingi, na karibu kila kitu chenye tundu la USB. Kasoro yake kubwa ni moja: hapokei faili lolote linalofika gigabaiti 4. Kwa hesabu kamili, kikomo ni baiti 4,294,967,295. Ukiongeza baiti moja tu anakataa, na kwenye kompyuta nyingi atakwambia nafasi haitoshi hata kama diski nzima haina kitu.

“Kwa hiyo huyu mzee kuliko wote ndiye anayeelewana na wote,” dada akasema.

Mdogo wetu hakupenda. Alituambia, kwa heshima lakini kwa kusisitiza, kwamba tunarudi nyuma. Mashine za zamani zitakufa karibuni, alisema, na diski hii itabaki na mipaka yake. Kwa nini tusinunue kompyuta moja mpya ya baba mkubwa, hata ya mtumba, tukaachana na XP? Alikuwa na hoja. XP yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 8 Aprili 2014, na hakuna mtu mwenye akili zake angeiunganisha na intaneti leo.

Baba mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Kompyuta mpya mtanunua. Mimi mpya mtanunua wapi?”

Hakuna aliyecheka. Alikuwa anatukumbusha kazi ilikuwa ya nani. Diski haikuwa inatafuta mashine bora kuliko zote. Ilikuwa inatafuta mtu mmoja huko Namtumbo mwenye masikio ya kuwatambua watu waliokufa, na mashine ambayo mtu huyo anaweza kuiwasha bila kumwita mjukuu. Miezi ya kumfundisha kompyuta nyingine tungeikata kutoka kwenye miezi ya kusikiliza.

Tukakubaliana FAT32.

Kufomati kunafuta, kwa hiyo kazi ya kwanza haikuwa kufomati. Laptopu ya mdogo wetu iliisoma exFAT bila shida. Microsoft waliuweka wazi mfumo huo mwaka 2019, na Linux ikaanza kuusoma yenyewe. Windows 7 ya dukani kwangu pia iliisoma. Tulinakili kila kitu kwenye laptopu, kama gigabaiti 140, karibu saa moja na nusu. Kisha tukanakili tena kwenye kompyuta ya duka. Tukahesabu mafaili pande zote mbili. Mdogo wetu akaendesha programu inayotoa kwa kila faili mstari wa herufi na namba, kama alama ya kidole: faili likibadilika hata herufi moja, mstari unabadilika wote. Akalinganisha mistari ya laptopu na ile ya hadi diski. Ililingana. Wakati huo baba mkubwa alikuwa amelala kwenye kiti, kofia imemfunika macho, na dada alikuwa amekwenda kununua mihogo ya kukaanga.

Kisha tukaja kwenye faili moja lililogoma. Mpiga picha wa msiba wa baba alikuwa ametukabidhi video nzima kama faili moja la gigabaiti 6. FAT32 isingelipokea. Njia ilikuwa kulikata vipande viwili. Programu inaweza kukata popote unapoiambia, na ukiiambia igawe nusu kwa nusu, itakata hata katikati ya neno.

Mdogo wetu aliifungua video tutafute mahali. Hatukuwa tumeitazama pamoja tangu mwaka ule. Ibada, kwaya, mchungaji, watu wakisimama na kukaa. Jeneza likitolewa mlangoni. Baada ya hapo kulikuwa na sekunde kadhaa ambazo kamera ilielekea chini, mpiga picha akitembea: vumbi, viatu vya watu, pindo za vitenge. Halafu makaburini.

“Hapo,” dada akasema. “Kata hapo kwenye viatu.”

Tukakata hapo. Kipande cha kwanza kinaishia kanisani, cha pili kinaanzia njiani. Sasa mtu anaweza kufungua kimoja bila kulazimika kuona kingine, na mama yetu, aliyekuwa hajawahi kukubali kuitazama video ile, ameshatazama cha kwanza mara mbili. Sisemi kwamba kikomo cha gigabaiti 4 kiliwekwa kwa ajili hiyo.

Kufomati kwenyewe kulichukua muda mfupi kuliko kula mihogo. Windows ya duka langu ilikataa: programu yake ya kufomati haitengenezi FAT32 kubwa zaidi ya gigabaiti 32, ingawa inaisoma iliyo kubwa zaidi bila neno. Ubuntu haina sharti hilo. Mdogo wetu alihakikisha kwanza kwamba orodha ya sehemu za diski ni ya aina ya zamani, ile ya MBR, kwa sababu Windows XP ya kawaida haitambui ile mpya ya GPT. Unaweza kuchagua mfumo sahihi wa faili na bado baba mkubwa asione kitu, kwa kosa la orodha tu. Akafuta sehemu iliyokuwapo, akatengeneza moja mpya, akachagua FAT32. Programu ikaomba jina, lisizidi herufi kumi na moja.

Tulimwamsha baba mkubwa atoe jina. Akafikiri kidogo.

“Iandikeni GHALA.”

Kurudisha mafaili kulikwenda mpaka giza likaingia. Baadhi yalikataliwa kwa majina yake. FAT32 haipokei alama ya kuuliza wala nukta mbili kwenye jina la faili, na baba, mwalimu, alikuwa na mazoea ya kuuliza hata kwenye majina: mengine yalikuwa kama “Kaseti 14, huyu ni nani?” Zilikuwa zimeandikwa kwenye lebo za kaseti, na mdogo wetu alizichapa vilevile chuoni kwake, kwenye Ubuntu, siku aliposaidia kupanga nakala za majaribio. Tuliziondoa alama za kuuliza. Maswali yakabaki, maana majina ya watu hayakuwepo bado.

Kuna jambo jingine nililijua siku ile na bado linanikaa. Katika mifumo yote ya ukoo wa FAT, tarehe ya kwanza kabisa ambayo faili linaweza kuwa nayo ni 1 Januari 1980. Nyuma ya hapo hakuna siku. Bibi anasimulia mambo ya 1905 hadi 1907, yaliyosimuliwa kwake na mama yake, ndani ya chombo ambacho kwa hesabu yake dunia ilianza mwaka 1980. Sauti inapita bila kizuizi. Ni pembeni tu, kwenye safu ya tarehe, ambapo mashine haina namna ya kuandika.

Kwa sababu FAT32 haina karani mwangalifu, tulijiwekea utaratibu wa kibinadamu. Hadi diski haichomolewi kabla kompyuta haijasema ni salama kuitoa. Baba mkubwa tulimwandikia hatua tatu kwenye karatasi na kuibandika kwenye kioo cha mashine yake. Umeme ukiwa unacheza, hakuna kunakili. Kompyuta za wateja, hasa zile za flashi zilizojaa virusi, haziigusi. Nakala ya pili inakaa kwenye kompyuta ya duka na ya tatu kwa mdogo wetu, na hizo hazisafiri. Kinachosafiri ni GHALA peke yake. Na baba mkubwa, bila kuambiwa, alifungua daftari la kaunta kubwa lenye kava gumu. Ameandika kwa kalamu tarehe diski ilipofika, tarehe ilipoondoka, nani aliibeba, na mstari mmoja kwa kila faili alilolisikiliza.

Daftari hilo limekuwa la maana kuliko tulivyotegemea. Mstari mmoja unasema namba 23 ni mzee aliyekuwa akisuka mikeka, na kwamba kicheko kinachosikika nyuma ni cha mkewe. Mwingine unasema namba 31 si wa ukoo wetu, alikuwa mgeni aliyepita njia, na alichosimulia ni uongo lakini uongo mzuri. Namba 40, ameandika, sauti ya kijana anayeuliza maswali ni ya baba yenu. Hatukuwa tunajua. Tulikuwa tumezoea sauti yake ya uzeeni, na hii ilikuwa nyembamba, ina haraka.

Dada anapokea GHALA kila inaporudi, anaandika kwenye Mac yake, anahifadhi maandishi kando ya kila sauti. Ukurasa mmoja wa maandishi unachukua nafasi kubwa kuliko unavyostahili, kwa sababu diski ya ukubwa huu chini ya FAT32 hugawa nafasi kwa mafungu ya kilobaiti 32. Hata debe moja la mahindi linapewa gunia zima. Nafasi tunayo.

Mdogo wetu hajabadili msimamo wake, na najua siku moja atakuwa sahihi. Ile mashine ya Namtumbo itazimika na haitawaka. Siku hiyo tutakaa tena, tutanakili kwanza, tutahesabu, tutalinganisha alama za vidole, kisha tutafomati upya kwa daftari la wakati huo. Hadi diski yenyewe itachoka pia, hakuna inayodumu. Wanaotunza kumbukumbu za mashine wanajua kwamba kutunza ni kuhamisha, kila baada ya miaka kadhaa, kabla ya daftari la zamani kukosa wa kulisoma.

Hadi juzi baba mkubwa alikuwa amefika namba 52. Zimebaki kumi. Jumamosi GHALA inapanda basi la asubuhi kurudi kwake, na mimi ndiye nitakayeibeba, kwa sababu namba 53 ina sauti mbili zinazoongea kwa pamoja, na amesema anataka mtu wa kumshikia redio ya pili sikioni.